Dijitalisi: Ua la Sumu na Dawa ya Moyo

Miongoni mwa maua yanayopamba bustani za Uingereza na nchi jirani za Ulaya, limo moja ambalo kwa kulitazama tu mtu hawezi kulidhania baya. Shina lake husimama wima, na aghalabu hufikia kimo cha mtu mzima. Juu ya shina hilo hujipanga maua ya zambarau yaliyoinama upande mmoja kama kengele ndogo, na ndani ya kila kengele mna madoa meusi yenye kingo nyeupe. Waingereza huliita foxglove, yaani glavu ya mbweha. Wataalamu wa mimea huliita Digitalis purpurea, nasi katika makala haya tutaliita dijitalisi.

Jina hilo la kitaalamu lilitolewa mwaka 1542 na tabibu wa Kijerumani, Leonhart Fuchs. Kwa lugha yake ua hili lilikuwa likiitwa kwa jina la kastabini, kile kikofia cha chuma ambacho fundi cherehani huvaa kidoleni asichomwe na sindano. Fuchs alilichukua neno la Kilatini lenye maana ya kidole akaliundia jina. Neno dijitali tunalolitumia leo kwa saa na simu limezaliwa na kidole hichohicho, kwa kuwa binadamu alianza kuhesabu kwa vidole. Lakini undugu wa maneno hayo mawili unaishia hapo.

Mmea wa dijitalisi huishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutoa majani tu, mapana na yenye manyoya laini, yaliyotandaa karibu na ardhi. Shina na maua huja mwaka wa pili. Hatari kubwa imo katika mwaka ule wa kwanza, kwa sababu ua la kuutambulisha mmea halijachanua. Huko Ulaya na Marekani wamekuwapo watu waliochuma majani hayo wakiyadhania kuwa ya mmea mwingine, uitwao comfrey, ambao baadhi yao huutumia kama chai, na chai hiyo ikawafikisha hospitali. Mwaka 1997 nchini Marekani iligunduliwa kwamba bidhaa za mitishamba zilizouzwa kama mmea usio na madhara zilikuwa zimechanganyika na majani ya dijitalisi ya aina nyingine. Wanunuzi walikuwa wakitafuta afya. Jani, ua, mbegu na mzizi, vyote vina sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukausha wala kwa kuchemsha.

Sumu hiyo ndiyo iliyotupatia digoksini, kidonge kidogo ambacho wagonjwa wengi wa moyo hukimeza kila asubuhi. Husemwa mara kwa mara kwamba dawa hii iligunduliwa na daktari fulani wa Kiingereza. Kusema hivyo si sahihi sana. Mmea ulikuwa ukijulikana na wanakijiji kwa muda mrefu kabla yake. Alichokigundua daktari huyo ni kipimo, na kipimo ndicho kinachowaokoa au kuwaangamiza wagonjwa wetu hadi leo.

Daktari mwenyewe ni William Withering. Alizaliwa mwaka 1741 katika jimbo la Shropshire, akasomea udaktari Edinburgh, kisha akafanya kazi katika mji wa Stafford kabla ya kuhamia Birmingham mwaka 1775. Alipenda mimea kiasi cha kuandika kitabu kizima kuhusu mimea ya Uingereza, nacho kilitoka mwaka 1776. Mapenzi hayo ndiyo yaliyomfaa katika kisa tunachokieleza.

Enzi hizo madaktari walisumbuliwa mno na ugonjwa wa kujaa maji. Mgonjwa huvimba miguu, kisha mapaja, kisha tumbo. Usiku hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, hukesha ameketi kitini. Sisi leo tunajua kwamba hali hiyo si ugonjwa mmoja. Huweza kutokana na moyo ulioshindwa kusukuma damu, au figo, au ini. Wakati ule yote yalikusanywa chini ya jina moja na kutibiwa kwa namna moja: kutoa damu, kuharisha, kutapisha, na pale vyote viliposhindikana, kutoboa ngozi ili maji yadondoke.

Mwaka 1775 Withering aliombwa maoni yake juu ya dawa ya kienyeji ya ugonjwa huo. Aliambiwa kuwa ni siri ya familia, iliyokuwa imehifadhiwa kwa muda mrefu na bibi mmoja mzee wa Shropshire, ambaye wakati mwingine aliwaponya watu walioshindikana kwa madaktari. Dawa hiyo ilikuwa mchanganyiko wa mimea ishirini au zaidi, nayo ilimtapisha na kumharisha mtu vikali. Withering aliyejua mimea hakuona shida kutambua kwamba katika mkusanyiko ule wote, mmea uliokuwa ukifanya kazi usingeweza kuwa mwingine ila dijitalisi.

Hapa inafaa kutia neno. Katika vitabu na mabango kadhaa bibi huyo hutajwa kwa jina la Mother Hutton, na hata huchorwa akiwa anamkabidhi daktari kikapu cha maua. Jina hilo halimo katika maandishi ya Withering. Lilitokea katika tangazo la kampuni ya dawa katika karne ya 20, na waandishi wakalinakili mmoja baada ya mwingine hadi likawa kama historia. Bibi wa kweli hatumjui kwa jina. Mwenye ujuzi hakuandikwa. Aliyejua kuandika ndiye anayekumbukwa, na sisi wa Afrika tunaoishi na waganga wa jadi tuna sababu ya kulitafakari jambo hilo.

Withering alifanya nini basi ambacho bibi hakukifanya? Kwanza, aliutenga mmea mmoja kutoka katika ishirini. Pili, aliamua ni sehemu gani ya mmea itumike na ichumwe lini. Aliona kwamba nguvu ya majani hubadilika kwa majira, akasisitiza yachumwe wakati mmea unapochanua, yakaushwe na kusagwa. Mwanzoni aliyachemsha majani. Baadaye akaacha, kwa kuwa hakuweza kuwa na hakika ya nguvu ya kile kilichomo kikombeni, akahamia kwenye unga mkavu unaopimika kwa mizani. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, aliweka kanuni ya kusimama. Dawa itolewe mpaka ionyeshe dalili katika figo, au tumbo, au mapigo, au utumbo. Na dalili ya kwanza miongoni mwa hizo ikitokea, dawa isimamishwe mara moja.

Kanuni hiyo hakuipata kwa kukaa chumbani. Alikuwa na desturi ya kuwatibu maskini bila malipo, maelfu yao kila mwaka, na ni miongoni mwa maskini hao alikoanza kuijaribu dawa. Mwenyewe aliandika waziwazi kwamba katika siku za mwanzo alitoa vipimo vikubwa mno na kuendelea navyo kwa muda mrefu mno. Kwa maadili ya utafiti tuliyo nayo leo, jaribio la namna hiyo lisingepita katika kamati yoyote: waliobeba hatari walikuwa wale wasio na uwezo wa kukataa. Hata hivyo Withering alikuwa mkweli kwa kiwango ambacho wengi wa zama zake hawakukifikia. Mwaka 1785 alipochapa kitabu chake kuhusu dijitalisi, kikiwa na visa vya wagonjwa zaidi ya 150, alivieleza vile vilivyofanikiwa pamoja na vile vilivyoshindwa. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu alipoulizwa kuhusu dawa ya yule bibi. Daktari Erasmus Darwin, babu wa yule Darwin mashuhuri, alikuwa ametangulia kuchapa habari za mmea huo mwaka 1780, na wawili hao waligombana hadi mwisho wa maisha yao. Lakini kitabu kilichowafundisha madaktari namna ya kuutumia ni cha Withering.

Katika kitabu hicho aliorodhesha kinachompata mtu aliyezidishiwa: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kizunguzungu, kuona vitu vikiwa na rangi ya kijani au manjano, mapigo ya moyo kupungua hata kufikia 35 kwa dakika, jasho la baridi, degedege, kuzimia, kufa. Muuguzi anayesoma mistari hii leo anaweza kuichukua ilivyo na kuibandika ukutani mwa wodi. Zaidi ya miaka mia mbili imepita na hakuna tulichokipunguza katika orodha hiyo, isipokuwa tumeongeza majina ya mivurugiko ya mapigo ambayo yeye, bila kipimo cha umeme wa moyo, hakuweza kuiona.

Jambo moja lilimpita. Aliona kwamba dawa hii ina nguvu juu ya mwendo wa moyo kuliko nyingine yoyote, lakini aliendelea kuiona zaidi kama dawa ya kukojoza maji. Waliomfuata walipotea zaidi. Katika karne ya 19 dijitalisi ilitolewa kwa homa, kwa kifua kikuu, hata kwa wagonjwa wa akili, na kanuni ya kusimama ikasahauliwa. Mwaka 1890 mchoraji Vincent van Gogh alimchora daktari wake, Paul Gachet, akiwa na kitawi cha ua hilo mezani, na baadhi ya watu wamedai kwamba umanjano mwingi wa picha za Van Gogh ulitokana na dawa hiyo. Ni dhana ya kuvutia, lakini hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuimeza.

Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Kiskoti James Mackenzie, aliyekuwa akiyachora mapigo ya wagonjwa wake kwa mashine ya karatasi na wino, alionyesha kwamba wanaofaidika zaidi ni wale ambao mapigo yao yamekuwa ya haraka na yasiyo na mpangilio wowote. Mwaka 1930 mwanakemia Sydney Smith, katika kampuni ya Burroughs Wellcome, alitenga kutoka katika jamaa ya ua letu, Digitalis lanata, kemikali safi iliyoitwa digoksini. Tangu hapo haikuwa lazima tena kupima unga wa majani. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 250, yaani robo ya miligramu. Gramu moja ya digoksini ingetosha kutengeneza vidonge 4,000. Anayetaka kuelewa kwa nini tunasisitiza kipimo, na aifikirie hesabu hiyo.

Historia hii ina tawi lake huku kwetu pia. Mwaka 1858 daktari John Kirk, mtaalamu wa mimea, alifuatana na David Livingstone katika safari ya Zambezi. Baadaye Kirk aliishi Zanzibar kwa miaka mingi akiwa mwakilishi wa Uingereza. Katika safari ile ya Zambezi aliiona sumu ya mishale iliyoitwa kombe, akakusanya vielelezo vyake. Inasimuliwa kwamba mswaki wake uligusana na sumu hiyo mfukoni, na alipoutumia akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Vielelezo vilifikishwa Edinburgh, ambako Thomas Fraser alitenga kemikali yake, nayo ikawa dawa ya moyo iliyotumika Ulaya kwa miongo mingi. Neno kombe limo hadi leo katika jina la kitaalamu la mmea huo, Strophanthus kombe. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitenga kemikali nyingine ya jamii hiyohiyo kutoka katika mti wa sumu ya mishale wa Wasomali, na jina lake, ouabaini, limetokana na neno la Kisomali. Ni jamii ileile ya miti ambayo wawindaji wa Kikamba na wa Kigiriama walichemsha magome na mizizi yake kwa mishale yao. Kwa hiyo watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki walizijua sumu za moyo kwa ufundi mkubwa. Walichokuwa wakikitafuta ni moyo wa mnyama usimame, si moyo wa mgonjwa usaidiwe. Lakini kemikali ni ndugu.

Undugu wao umo katika namna zinavyofanya kazi. Katika ukuta wa kila seli ya moyo mna vijipampu vya protini vinavyotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Mdenmark Jens Skou alivitambua mwaka 1957, na kwa kazi hiyo akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Digoksini hukaa juu ya vijipampu hivyo na kuvizuia. Sodiamu ikibaki ndani, kalsiamu nayo hubaki, na kalsiamu ndiyo inayoukaza msuli. Hivyo moyo hubana kwa nguvu zaidi. Wakati huohuo dawa huongeza nguvu ya neva inayopunguza kasi ya moyo, hata mawimbi ya umeme yatokayo vyumba vya juu hupita kwa uchache kuelekea vyumba vya chini. Mtu ambaye moyo wake ulikuwa ukikimbia 140 kwa dakika hushuka hadi 80, anapata pumzi, analala.

Sasa angalia mahali potasiamu inapoingia. Potasiamu na digoksini hugombea nafasi moja kwenye kijipampu. Potasiamu ikipungua katika damu, digoksini hupata nafasi zaidi ya kukaa, na kipimo kilekile ambacho jana kilikuwa dawa, leo kinaanza kuwa sumu. Hakuna kidonge kilichoongezwa. Kilichobadilika ni mwili.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 38 mwenye vali ya moyo iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni. Huu ni ugonjwa tunaouona sana katika kanda yetu, na huwapata watu wakiwa bado vijana. Vyumba vya juu vya moyo wake vinapapatika, naye anatumia digoksini, furosemidi ya kupunguza maji, na dawa ya kuzuia damu kuganda. Anaendelea vizuri. Kisha anaharisha siku tatu. Hana hamu ya kula. Kwa kuwa miguu imevimba kidogo, anaongeza kidonge cha furosemidi kwa ushauri wa jirani. Anapoteza maji na potasiamu. Figo zake zinapunguza kazi. Na digoksini, ambayo hutoka mwilini kwa njia ya figo, inarundikana. Kwa mwenye figo nzima, nusu ya dawa iliyomo mwilini hutoka kwa muda wa siku moja na nusu hadi mbili. Kwa ambaye figo zimeshindwa, muda huo huweza kufikia siku nne. Siku ya tano mama huyu anatapika. Nyumbani wanasema ni tumbo lilelile, au malaria. Akifika zahanati akapewa dawa ya kuzuia kutapika na kurudishwa nyumbani na digoksini yake, mwisho wake unaweza kuwa mbaya.

Kwa mhudumu wa afya mwenzangu nasema hivi: mgonjwa yeyote wa digoksini anayekuja na kichefuchefu, kutapika au kukosa hamu ya kula, achukuliwe kuwa amezidiwa na digoksini mpaka ithibitike vinginevyo. Usingoje aone manjano. Dalili hiyo hupendwa na vitabu, lakini wengi hawaipati, na mzee mwenye mtoto wa jicho hataitaja. Kwa wazee dalili ya kwanza huweza kuwa kuchanganyikiwa tu. Shika mkono, hesabu mapigo kwa dakika nzima, si kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kwa sababu mapigo yasiyo na mpangilio hudanganya. Yakiwa chini ya 60, au ikiwa moyo uliozoea kwenda ovyo sasa unakwenda taratibu na kwa mpangilio kamili, usitoe dozi inayofuata kabla ya kumwona daktari. Hili la pili huwapita wengi, kwa kuwa linaonekana kama nafuu. Linaweza kuwa ni ishara kwamba njia ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini imefungwa.

Pima potasiamu na kreatinini. Pale ambapo maabara inaweza kupima kiwango cha digoksini, damu ichukuliwe walau saa sita baada ya dozi ya mwisho. Ikichukuliwa mapema zaidi, namba itakuwa kubwa kwa uongo na itamsumbua kila mtu. Uliza dawa nyingine zote. Amiodaroni, verapamili, klarithromisini na hata kwinini hupandisha kiwango cha digoksini katika damu. Kwinini siku hizi si dawa ya kwanza ya malaria, lakini haijatoweka katika makabati yetu.

Je, kwa hatari zote hizi, kwa nini dawa hii isiachwe? Swali hilo liliulizwa kwa dhati, na jibu lilitolewa mwaka 1997 katika utafiti mkubwa uliohusisha wagonjwa 6,800 wenye moyo dhaifu. Waliopewa digoksini hawakuishi muda mrefu zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, lakini walilazwa hospitali mara chache zaidi kwa sababu ya moyo kushindwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba viwango vya juu katika damu viliandamana na vifo vingi zaidi. Kwa hiyo leo tunalenga kiwango kidogo kuliko walimu wetu walivyolenga, kati ya nanogramu 0.5 na 0.9 kwa mililita, na mara nyingi tunaanza na nusu ya kidonge. Dawa nyingine zimeichukua nafasi yake ya kwanza. Lakini kwa mgonjwa ambaye presha yake iko chini mno kuweza kustahimili dawa hizo, na kwa yule ambaye vali yake imesinyaa na moyo unapapatika, digoksini bado ina kazi yake. Nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa maoni yangu, tatizo letu si kwamba tunaitumia, bali kwamba tunaiandika na kusahau: dozi iliyoandikwa wakati figo zilikuwa nzima inaendelea kunakiliwa katika daftari la kliniki miaka mitano baadaye.

Kwa mgonjwa na jamaa zake: ukisahau dozi ya jana, usimeze mbili leo. Ukiharisha au kutapika, usingoje siku ya kliniki. Nenda mapema, ukiwa na dawa zako zote mkononi, pamoja na za asili, bila aibu. Usiongeze wala kupunguza dawa ya maji bila kuambiwa. Usijitibu upungufu wa potasiamu kwa madafu na ndizi nyingi, kwani kama figo zako ni dhaifu, potasiamu ikizidi nayo husimamisha moyo. Vidonge viwekwe mbali kabisa na watoto. Kwa mtoto mdogo hata vichache ni hatari.

Na bustani zetu? Dijitalisi hupenda ubaridi, na katika joto la pwani haistawi. Lakini jamaa zake wa kikemia tunao mlangoni. Oleanda, kichaka chenye majani membamba magumu na maua ya waridi au meupe, hupandwa kando ya barabara na kwenye nyua. Oleanda ya manjano, yenye maua kama tarumbeta na tunda la kijani lenye kingo, hupandwa kama ua wa nyumba katika miji yetu mingi. Kemikali zao hufanya kazi ileile ya digoksini. Huko Sri Lanka mbegu za oleanda ya manjano zimekuwa tatizo kubwa la hospitali tangu miaka ya 1980, na madaktari wa huko ndio waliotufundisha mengi kuhusu tiba yake. Sisemi kila mti ukatwe. Nasema mwenye watoto wadogo, shule ya chekechea na hospitali wachague ua mwingine, na matawi yaliyokatwa yasitumike kuchomea nyama wala kulishia mbuzi.

Mtu akila sehemu yoyote ya mimea hii, asitapishwe nyumbani wala kunyweshwa maziwa au mafuta. Apelekwe hospitali haraka, hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu mvurugiko wa mapigo huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Ikiwa alikula makusudi, asiachwe peke yake njiani, na asilaumiwe. Anahitaji kusikilizwa sawa na anavyohitaji dawa. Hospitalini mkaa maalumu unaomezwa husaidia ukitolewa mapema; atropini huinua mapigo yaliyoshuka; potasiamu hupimwa mara kwa mara, na katika sumu ya ghafla ikipanda sana ni ishara ya hatari. Kusafisha damu kwa mashine hakusaidii kuiondoa digoksini, kwani sehemu kubwa imeshajificha ndani ya misuli. Dawa halisi ya kuikamata ni vipande vya kingamwili vinavyotengenezwa kwa kutumia kondoo, vilivyomwokoa mgonjwa wa kwanza mwaka 1976, lakini ni ghali na katika hospitali nyingi za kanda hii haipatikani. Anayempeleka mgonjwa achukue jani, ua na tunda la mmea wenyewe, avitie katika mfuko wa karatasi, na amweleze daktari saa ulipoliwa.